Wasomaji wa Chemsha Maji

Jioni ya fainali ya mpira, barabara zikiwa tupu na kila aliye na televisheni amejaza wageni, watu laki nne walikuwa wanasoma makala ya kuchemsha maji ya kunywa.

Ndivyo ilivyosema kompyuta ya ofisi ya elimu ya afya, na kompyuta haina mshipa wa aibu. Makala yenyewe ilikuwa na aya kumi na mbili na picha moja ya sufuria. Filimbi ya mwisho ilipolia, wasomaji nao wakatoweka, kana kwamba wote wameshikwa na usingizi kwa pamoja.

"Umma una kiu ya elimu," mhariri wa ukurasa huo alimwambia mkurugenzi wake asubuhi. Alikuwa mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, na siku hiyo alitembea kifua mbele.

Mwaka mmoja nyuma, kamati ya ofisi ilitaka kuufunga ukurasa huo wa Chemsha Maji, kwa kuwa ulisomwa na watu saba, mhariri mwenyewe akiwemo. Ungefungwa, angerudishwa nyumbani kabla ya wakati wake, na binti yake wa mwisho bado yuko chuoni. Ndipo kampuni ya simu, kwa huruma iliyotangazwa kwenye mabango ya kila kona, ikakubali ukurasa ufunguliwe bure hata na asiye na bando. Tangu hapo wasomaji wakamiminika. Mkurugenzi akawa anaalikwa mikutanoni kueleza siri ya mafanikio, na aliieleza vizuri sana kwa mtu asiyeijua.

Nyumbani, mhariri hakupewa heshima hiyo. Binti yake alikuwa amejilaza kwenye kochi, anatazama tamthilia kwenye simu.

"Bando umepata wapi wewe?"

"Bando la nini, baba? Natumia Fuko."

Fuko alikuwa mtu asiyejulikana sura, anayegawa programu yake bure katika kundi la maelfu ya vijana, nao wakiwagawia wenzao. Ukiiweka kwenye simu, unaingia mtandaoni bila kulipa.

"Anatuchimbia njia chini kwa chini, sisi tunapita," binti alisema. "Ningekueleza zaidi, lakini wewe hata kutuma picha unaniita mimi."

"Kweli, mwanangu," mhariri alisema, akaenda kuchaji simu zake mbili, yake na ya ofisi.

Jumatano, mhandisi wa kampuni ya simu akabisha ofisini kwa mkurugenzi. Mhariri akaitwa. Mhandisi alifungua kompyuta yake mapajani na kukohoa kama daktari mwenye majibu mabaya.

"Hawa si wasomaji," alisema. "Ni wapita njia. Simu inatuambia inakwenda kusoma Chemsha Maji, nasi tunaipisha bure. Kumbe ndani yake kuna handaki. Inaingilia kwenu, inatokea upande wa pili, kwenye mpira, tamthilia na umbea. Ni kazi ya mjanja mmoja anaitwa Fuko."

Mkurugenzi alishika meza. Mwaka mzima alikuwa amevishwa kilemba cha ukoka, na sasa alikisikia kinanyauka kichwani.

"Umeshamwambia nani mwingine?" aliuliza haraka.

Mhariri yeye alikuwa na swali jingine. "Hata mmoja hasomi?" Kwa kweli alitia huruma.

Mhandisi, ambaye hakuwa mtu mbaya, akapekua. "Yupo mmoja. Kila alfajiri, kabla ya wenzake wote, anaufungua ukurasa, anakaa kidogo, anatoka. Hakosi hata siku za sikukuu."

"Mungu ampe maisha marefu," mhariri alisema, akapangusa miwani.

"Leo mchana naiziba njia hiyo," mhandisi akaendelea. "Ukurasa utabaki bure, ila mtahesabu wasomaji wa kweli tu."

"Na kamati inakaa Ijumaa," mkurugenzi alisema. "Tutawapelekea msomaji mmoja."

"Huenda watu wakasoma kweli, mama," mhariri alisema. "Mtaka cha mvunguni sharti ainame."

Mkurugenzi alimtazama kama mtu anayemtazama kuku anayejichagulia sufuria.

Jioni ile nyumbani kwa mhariri palikuwa kama msibani. Tamthilia ilikuwa imekatika pale pale mama mkwe alipoinua mkono kugonga mlango.

"Fuko ametutupa!" binti alilia. "Na yule mama anaingia, baba, na bibi harusi hajui!"

"Pole, mwanangu," mhariri alisema. Alimwekea chai mezani, akaingia chumbani kutafuta chaja.

Muda si mrefu simu ya binti ikalia. Aliirukia nusura amwage chai.

"Fuko huyo!" alipiga kelele, akasoma kwa sauti nyumba nzima isikie: "'Tulieni, wanangu. Njia mpya ipo tayari. Ila safari hii mlangoni kuna maswali matano, na majibu yake yamo ndani ya makala ya Chemsha Maji. Usiporuka aya, utapita. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.'"

Akasonya. Kisha kidole kikaanza kupanda na kushuka kwenye kioo cha simu.

"Baba! Maji yakishatokota, unayaacha dakika ngapi?"

Chumbani, mhariri aliizima simu ya ofisi kabla maelfu ya vijana hawajaanza kumshukuru.

"Aya ya tisa, mwanangu," alijibu. "Lakini soma yote."