Gome Likikunjwa Mpaka Mwisho

Kila asubuhi Mosi na mama yake waliyageuza magome ya mdalasini jamvini, kabla ukungu haujashuka kijijini Kinole. Leo Mosi alibaki na gome moja mkononi, akalikunja kwa vidole mpaka likapasuka vipande.

"Wee! Hayo ni ya kuuza, si ya kuchezea."

"Samahani, mama. Ndiyo masomo yangu ya fizikia haya. Gome ni pana, ila likijikunja, kwa mbali unaona uzi tu. Huenda ulimwengu nao una pande zilizojikunja hivyo, hatuzioni."

"Haya, profesa. Na zikibanwa mno, zinapasuka?"

"Hapana. Hesabu zinasema zikibanwa mpaka mwisho kabisa, upande mwingine mpana unafunguka."

Mama aliviokota vile vipande kwa vidole vyake vya kahawia, akavinusa.

"Mjomba wako kakutafutia kazi ya ualimu Mafiga, hapo karibu. Mwezi mzima anangoja jibu. Nimwambie nini?"

Mosi alivitazama vile vipande mkononi mwa mama.

"Nimepata nafasi ya kusoma ng'ambo, mama. Nataka kwenda."