Kiungo cha Bodi Fupi

Mambo yaliharibika Jumanne, tarehe tisa Aprili, saa nne na robo asubuhi, kahawa ikiwa bado ya moto mezani. Watu wa kaunti walikuja na gari jeupe. Wakamtoa Lorene kwa mlango wa mbele, amefungwa kwenye kitanda cha magurudumu, blanketi hadi kidevuni. Mwanamke mmoja wao akamwekea mumewe, Delbert Haskins, karatasi saba za kutia saini. Delbert shule aliishia darasa la nane. Alitia saini zote saba.

Yote hayo kwa sababu ya asubuhi moja tu, Lorene akitangatanga na ndala zake kwenye barabara kuu, katikati ya malori ya ng'ombe. Asubuhi moja katika miaka arobaini na sita ya ndoa! Lakini wakubwa hawaitazami hiyo arobaini na sita. Wao wana kalamu, basi, imetosha.

Wiki mbili majirani walimletea mabakuli ya tambi za kuokwa na jibini. Kisha wakachoka. Delbert akawa anakula amesimama mbele ya sinki, asije akaketi akatazamana na kile kiti kingine.

Ijumaa moja ya Juni aliendesha pikapu yake hadi duka la matela ya kulala safarini, kando ya barabara ya Amarillo. Muuzaji, Rusty Pruitt, mgeni katika sehemu zile, aliizunguka pikapu akaipiga kofi bodi ya nyuma, ya kubebea mizigo.

"Mzee, bodi yako fupi kama mshahara wangu. Na hapa je?"

Dirisha la nyuma halikuwa na kioo. Lilikuwa na plastiki na utepe wa gundi.

"Pua ya tela," alisema Delbert. "Nilikuwa narudi nyuma, nikapinda sana, ikanigonga kisogoni."

"Ndiyo maradhi ya bodi fupi hayo. Hukuwa na mtu nyuma wa kukwambia simama?"

"Nilikuwa naye. Tukawa na neno letu, maana kwa kelele za injini hii simama na sogea ni mamoja. Lorene akachagua 'maharage'. Siku ya kwanza kulitumia nikadhani ananiita kula. Nikazidi kurudi."

Rusty alicheka hadi akashika kiuno. Delbert alingoja amalize.

"Haya, mzee. Viungo vya kufungia tela ninavyo vitatu. Hiki kimekaa pale pale, hakisogei, kitakuvunjia kioo kingine. Hiki cha pili kinateleza kwenda nyuma, tela likae mbali na kichwa cha gari, ila kwanza ushuke ukavute mpini. Au mama akuvutie."

"Mama hayupo."

Rusty akavua kofia. "Nisamehe, mzee wangu. Sikujua kwamba umempoteza."

"Sikumpoteza. Walimchukua. Anayepoteza ni mzembe."

Rusty hakujua aiweke wapi mikono yake. Akaiweka juu ya kiungo cha tatu.

"Hiki kinateleza chenyewe. Kadiri unavyopinda, ndivyo kinavyolisukuma tela nyuma. Hushuki, humwiti mtu. Ila bei yake inauma."

"Kitaniingiza kwenye uwanja wa hatua ishirini na mbili? Ukuta huku, mapipa ya taka kule. Nikikosea mara moja, nimekwisha. Sipati nafasi ya pili."

"Uwanja gani huo, mzee?"

"Wa kumchukulia Lorene. Nilimwahidi bahari. Hajaiona tangu azaliwe."

Rusty aliitazama kofia yake. "Wengi wanafanya hivyo," alisema kwa upole. "Chombo chenyewe kifunge mkanda wa kiti. Majivu ya marehemu humwagika."

Delbert alitoa pochi. Akahesabu noti.

"Nifungie hicho cha tatu," akasema.

Jumapili, saa nane kasoro dakika kumi, alilipita taratibu jengo la matofali la kutunzia wazee, walikomweka Lorene, kama alivyolipita Jumapili tatu zilizotangulia. Saa hizo wauguzi walikuwa ukumbini wote, wakubwa na wadogo, wanaimba. Akatia gia ya nyuma. Akapinda kuingia uwanjani.

Kiungo kilinguruma nyuma ya mgongo wake, kikateleza. Pua ya tela ikakipita kioo kipya kwa upana wa kiganja, haikukigusa. Rusty hakuwa mwongo. Lakini kwenye kioo cha pembeni Delbert aliona ukuta tu, na nyuma ya tela hakuona kitu. Kwa hilo hakuna kiungo walichomuuzia. Shati lilimganda mgongoni. Wimbo ulikuwa umefika ubeti wa mwisho. Alilegeza breki, akarudi kidogo, akarudi tena.

"Maharage!"

Alikanyaga breki hadi goti likalia.

Kwenye kioo cha pembeni, hatua moja kutoka bomba la gesi, alisimama mwanamke mwenye ndala, mkono juu, bangili ya plastiki yenye jina ikining'inia kwenye kifundo chembamba. Nywele walikuwa wamemkata fupi kama za askari. Alikuja akilipapasa tela kwa kiganja, ubavu mzima, taratibu, hadi dirishani kwa dereva.

Delbert aliteremsha kioo cha mlango. 

"Wewe unasikia vizuri," Lorene alimsifu. "Wangu mimi husikia chakula tu." Akaugongagonga mlango wa pikapu, akatazama barabarani, akamtazama yeye. "Aliniahidi kuja kunichukua, na tela kama hili hili. Hukukutana naye huko njiani, bwana?"