Mgeni wa Udongo

Mambo ya nyumba ya Mzee Kitwana nayajua kuliko mtu yeyote mjini, ingawa sijawahi kuingia ndani. Dirisha langu, linalotazamana na la sebule yao, ndilo linaloingia.

Mzee alikuwa akinunua sanaa za kale za kila aina: vinyago vya mpingo, sahani za kaure, picha zilizochorwa nyuma ya kioo. Mkewe, Bi Mwanahija, alizipangusa vumbi kila asubuhi, moja moja, mpaka mgongo ukampinda. Juzi akasema, "Kikiingia kimoja tena, mimi nahamia kwa dada yangu." Hakupaza sauti. Alikuwa amechoka hata kugomba.

Leo, katika kupangusa, akakuta kwenye rafu sanamu ya udongo ya mwanamke mwenye shingo ndefu.

"Baba Rukia, hii imetoka wapi?"

"Hiyo? Mbona ipo siku zote! Ina miaka kumi hapo. Macho yako tu hayo, Mama Rukia."

Bi Mwanahija akaipapasa taratibu, kama anayeogesha mtoto.

"Miaka kumi ninaipangusa mimi," akasema. "Basi mbona vidole vyangu haviujui ufa huu wa begani?"

Bi Mwanahija akaketi sakafuni, sanamu mapajani, yeye na huyo wa udongo wakimtazama Mzee Kitwana.