Dawa ya Dija Sadallah

Meno mawili ya Sadallah yalikuwa yameshalala sakafuni kabla hajamaliza kuuliza, "Kombo, umerudi lini?"

Salamu hiyo aliipokea barazani pa zahanati, Bagamoyo, mchana kweupe, mbele ya wagonjwa ambao ghafla walijiona wamepona wakatimua mbio. Kombo hakuwa mtu wa maneno. Mwaka mzima alikuwa akigongea mataruma kwenye reli ya Wachina, na ngumi zake zilikuwa zimesoma kuliko yeye mwenyewe.

Alikuwa ameshuka basi la Chalinze saa ile ile, hata kwake hajafika. Mfukoni alikuwa na barua ya mkewe, Mwanajuma, mistari miwili tu: mtoto hoi, dawa mpya inaletwa zahanati, njoo upesi. Akaenda moja kwa moja dirishani kwa Mwishehe, mgawa dawa aliyehamia kutoka Miono mwezi uliopita.

"Nimefuata dawa ya binti yangu, Mina Kombo. Ini limemvimba, mikono inamtetemeka, kusema hawezi sawasawa."

Mwishehe akapitisha kidole kwenye karatasi. "Mina Kombo hayumo, kaka. Ugonjwa huo nina mtoto mmoja tu wilaya nzima, Dija Sadallah. Na dawa yenyewe haijaanza kuuzwa hata huko Ulaya, bado wanaijaribu. Wameitoa kwa barua, kwa jina la mtoto. Bwana Sadallah kaandika miezi mitano mpaka wakakubali. Si yule pale, kaja kuipokea."

Dija Sadallah! Kombo alicheka kicheko kisichokuwa na furaha hata chembe. Sadallah alikuwa jirani yake ukuta kwa ukuta. Muuza vitambaa, wake wawili kawaacha, wa tatu kamkimbia, na mtoto hana, hata wa kusingiziwa. Basi kazua mtoto wa kwenye karatasi, anyakue dawa akawauzie wenye nazo Dar es Salaam, na Mina afe!

Hapo ndipo meno yalipotoka.

"Kombo, ndugu yangu, Dija ni—"

Ngumi ya pili ilimvunja taya. Tangu hapo Sadallah alitoa sauti tu, kama mtungi unaojazwa maji. Alikuwa amekumbatia kijisanduku cha barafu kifuani. Akajikunja juu yake, mapigo akayapokea kwa mgongo.

"Lete!" Kombo alinguruma. "Lete dawa ya mwanangu, mwizi we!"

Sadallah akatikisa kichwa, damu ikaruka ukutani. Kombo akanyakua kigoda, akamshushia begani mara moja, mara mbili. Ya tatu mguu wa kigoda ukambakia mkononi. Mwishehe akamrukia shingoni. Kombo akamtupa juu ya benchi, mbavu zikalia.

Kombo na Sadallah wakavutania kijisanduku. Mmoja ana mikono miwili mizima, mwenziwe mmoja uliosalia. Mfuniko ukafyatuka. Vichupa kumi na viwili, kila kimoja hakizidi kidole gumba, vikamwagika kwenye saruji kama punje za mahindi, na hakuna hata kimoja kilichopona.

Sadallah akatambaa akaanza kuokota vigae kwa kiganja, kisha akalala chini ya benchi, hakuinuka.

"Basi tumekosa wote," Kombo alisema akihema. "Nitaandika na mimi. Safari hii kwa jina la Mina."

"Miezi mitano!" Mwishehe alikuwa analia. "Mtoto hana hata wiki mbili za kuishi. Mwenyewe yule anaingia, kaletwa kuchomwa sindano ya kwanza!"

Kombo akajifuta damu kwenye shati, akageuka amtazame huyo mtoto wa kwenye karatasi.

Getini alisimama Mwanajuma, mtoto mgongoni.

"Mina!" Kombo aliita.

Mwanajuma akamziba mtoto masikio. "Usimwite hivyo, baba! Jina hilo ndilo lililomwelemea. Alipozidiwa tulimbadili jina, tukampa jirani awe baba yake, ili kifo kisimtambue. Sasa ni Dija." Akachungulia nyuma ya mumewe. "Shemeji Sadallah yuko wapi? Alitangulia kutupokelea dawa."