Laini Bado Iko Ndani

Kabemba alichovya brashi katika rangi nyekundu, akainua mkono apige msalaba mlangoni. Mzee Nkongolo akaubandika mgongo wake pale pale.

"Utanipaka mi mwenyewe," akasema.

Nyumba ikishapigwa msalaba hubomolewa, mtaa mzima wa Dilala unajua. Hii ilikuwa ya shirika la simu la serikali, na sasa tajiri mmoja wa Lubumbashi alidai ameinunua, akamtuma Kabemba.

"Tata, ile kampani ilikufaka," Kabemba alisema bila ukali. Viatu vyake vilijaa udongo. Barabara yote ilikuwa inachimbwa mtaro. "Muntu wa kufa hana nyumba."

"Haiyakufa. Mi niko mutumishi yake, na laini bado iko ndani. Ingia uone."

Kabemba akaingia. Juu ya kabati, kwenye kitambaa alichokishona mke wa mzee, Mama Mbombo, ilikaa simu nyeusi, nzito, waya wake ukipotelea ukutani. Nkongolo aliifuta vumbi kila asubuhi.

Waya ule aliulaza ardhini yeye mwenyewe, bado kijana. Ulitoka Ulaya, lakini shaba yake ilikuwa imetoka hapa hapa: tuliuza jiwe, tukauziwa waya, tukaambiwa tuseme asante. Mwaka wa tisini na moja wanajeshi walipora mji, mishahara ikakauka. Mwaka wa tisini na tatu Wakasai wenzake wakafukuzwa mkoani, wakasukumwa kwenye treni kama magunia. Yeye wakubwa walimwacha, maana nani angezitengeneza simu walizotolea amri? Kisha minara ya simu za mkononi ikaota vilimani. Kampuni mpya zikanenepa kwa yuniti za maskini, na hakuna mkubwa aliyekumbuka kuwaambia watumishi wa zamani kwamba wamekufa.

"Ililia mwisho lini?" Kabemba akauliza.

"Mbele ya kupora."

Kabemba akacheka. "Tata, ikilia leo, nafunga rangi yangu, narudia Lubumbashi na miguu. Nyumba inabakia yako."

"Mama Mbombo, umesikia? Wewe njo shahidi."

Mama Mbombo alikuwa anachambua maharagwe.

"Na Mechack amepata kazi," mzee akaendelea. Mechack ni kitindamimba wao. "Nikamuuliza, kazi gani? Akasema: ku telefone, Tata. Unaona? Shirika inarudia."

"Anarudiaka na matope mpaka ku masikio," mama akasema. "Telefone gani ile?"

"Hata mi nilianzaka na matope."

Kling.

Wote watatu wakageuka. Ikalia tena, kidogo tu, kama kijiko kwenye glasi.

Maharagwe yakamwagika. Kabemba aliitazama simu, akamtazama mzee, kisha akainama taratibu, akafunika mkebe wa rangi.

Nkongolo alinyoosha kola ya shati. Akainua mkonga.

"Allô? Huku Dilala. Nasikiliza."

Simu ikaruka juu ya kitambaa, ikasogea upande wa ukuta kana kwamba imeitwa. Mzee akaikumbatia kwa mikono yote miwili, akakaza magoti kwenye kabati.

"Allô. Niko. Musikate, tafazali. Musikate."

Kule kwenye kona ya barabara, ndani ya mtaro wa kampuni mpya, vibarua walikuwa wanavuta waya wa zamani wa simu. Shaba waliyoikuta njiani waliachiwa wauze. Huo ndio ulikuwa mshahara wao.

"Imekwama," mmoja akasema. "Kuko kitu inaishika kule mbele."

"Ni mizizi tu," Mechack akamjibu, akampa panga. "Kata."