Aliyewasha Baruti

"Frank, uko wapi wewe? Dakika tano zimebaki!"

"Tairi, dada Melania! Limepasuka huku porini, hata Ushirombo sijaiona!"

Melania alitaka kulia. Yeye ni mtayarishaji wa vipindi katika redio ya jamii, mtu wa kupanga wageni na kubonyeza vitufe. Sauti yake haijawahi kwenda hewani hata siku moja; mtangazaji ni Frank, na siku hiyo fundi mitambo naye alikuwa msibani. Saa tisa alasiri ndiyo hiyo inagonga. Redio ikinyamaza dakika mbili tu, meneja anapiga simu, na meneja yule akipiga simu huwa hasalimii.

Basi akafanya wanachofanya watayarishaji wote wakibanwa: akafungua kipindi cha jana. Nusu ya kwanza haikufaa, ilikuwa na mahojiano ya diwani na watu wangeshtuka. Akachukua nusu ya pili, ile ya salamu na muziki iliyoanza saa kumi kasorobo, akaiachia. Kisha akapunguza spika ili amsikie Frank vizuri, akaendelea kumgombeza kwenye simu.

Wasikilizaji wawili watatu walituma ujumbe wa utani: Frank, leo unatusalimia na salamu za viporo? Melania akacheka peke yake. Afadhali viporo kuliko njaa.

Frank aliingia saa tisa na dakika thelathini na tano, amelowa chapachapa, maana mawingu na mvua vilikuwa vimeifunika Bukombe yote tangu asubuhi. Hata vipokea sauti hajavivaa, simu ya studio ikalia.

"Shikamoo, mama," Melania alianza, maana aliijua namba. Ni Mama Masele, anayemuuzia maziwa.

Hakuna marahaba. "Ng'wana wane, mwanangu, wamelipua duara la mzee Bujiku, lile shimo lake la dhahabu, na watu wamo ndani! Masele wangu yumo!"

Melania alikaa chini bila kuangalia kama kiti kipo. Masele alimjua vizuri. Ndiye aliyekuwa akimletea yale maziwa kabla ya kwenda kuchimba dhahabu, na kila akija lazima amtanie kuhusu kuolewa.

Alimpandisha Mwita, mwandishi wao, kwenye bodaboda. Saa kumi na robo Mwita alipiga simu kutoka machimboni akihema.

"Wako wanne chini, dada. Njia imejifunga yote, na winchi ya kuwapandishia imeng'oka. Watu wanachimba kwa sululu na mikono. Mashine inatoka Geita, lakini kwa tope hili, sijui."

"Wanasikika?"

"Tangu nifike, hapana."

"Sasa imekuwaje, Mwita?"

"Ni huyu mlipuaji, Ezekiel. Hapa baruti huwashwa saa kumi kamili jioni, hata mtoto anajua. Walio chini hupanda saa kumi kasorobo. Leo yeye kawasha saa tisa na robo! Wananchi wanataka kumuua. Mgambo wamemfungia kwenye ofisi ya mtendaji."

Mama Masele alipiga tena. Akapiga tena. Kila baada ya dakika kumi swali lile lile: redio inasemaje, mwanangu? Na Melania, mwenye mitambo yote ile mbele yake, alikuwa na jibu moja tu: tunafuatilia, mama. Alijionea aibu. Angekuwa na sululu angalau angejiona mtu.

Ujumbe wa wasikilizaji nao ulimiminika. Ezekiel kalewa. Ezekiel kahongwa na wenye duara la jirani. Ezekiel anyongwe. Melania aliusoma wote, na hasira ikampanda. Watu wanne, jamani! Dakika arobaini na tano tu, mtu anashindwa kusubiri dakika arobaini na tano!

"Mwita, niletee huyo Ezekiel hewani."

"Mtendaji hataki, dada."

"Mbembeleze. Mpigie magoti ikibidi. Kuna mama hapa ana haki ya kusikia kwa nini."

Saa kumi na moja mtendaji alilegea. Mwita akapitisha simu kwenye nondo za dirisha. Melania akamwambia Mama Masele asikate, asikilize hapo hapo kwenye laini ya pili. Akaubana mkono wa simu begani, akachukua karatasi, akaandika swali kwa herufi kubwa na kulibandika kwenye kioo mbele ya Frank: NANI ALIKUAMBIA UWASHE?

Halafu akapandisha sauti ya simu ya Ezekiel hewani, mpaka mwisho, Bukombe nzima imsikie.

Mwanaume yule alikuwa analia. "Mimi sijalewa. Naapa kwa Mungu, pombe sinywi. Wale ni ndugu zangu, Masele tunalala chumba kimoja. Simu tunaziacha getini kwa sababu ya baruti, saa ya mkononi sina, na jua leo halijatoka. Mimi nakaa pale kwa mama ntilie nasikiliza redio yake. Miaka mitatu sasa, sijawahi kukosea."

"Pole, lakini wananchi wanataka kujua," Frank alimkatiza, macho kwenye karatasi ya Melania. "Leo, Ezekiel, nani alikuambia uwashe?"

Kwenye sikio la Melania, Mama Masele alinong'ona, "Mwacheni aseme."

"Si wewe, kaka Frank?" Ezekiel alisema. "Ulisema ni saa kumi kamili jioni. Nikajua wameshapanda. Nikawasha."