Kamba ya Themelis

Miguu ya Themelis ilikufa ganzi pale pale sitahani, kofia yake ya shaba ya kuzamia ikiwa ndiyo kwanza imevuliwa. Mpira uliompelekea hewa kutoka chomboni ulikuwa umepasuka, naye akaibuka kwa pupa kutoka kilindini, sifongo aliyoing'oa bado mkononi.

Kaka yake alimbonyeza bega. Ngozi ikalia chini ya kidole kama chumvi inayokanyagwa. Hewa iliyoyeyukia damuni kwa uzito wa bahari sasa ilikuwa inatoka kwa fujo, kama soda iliyofunguliwa ghafla.

"Nipeleke kwa daktari, kaka."

"Daktari yuko Kalimnos, mwendo wa siku mbili. Utafika maiti. Unarudi chini, hewa iyeyuke tena, halafu nakupandisha polepole."

"Kwa mpira huo huo? Una wazimu?"

"Nimeufunga kwa shati langu. Nyamaza, mdogo wangu."

Akamvika kofia huku Themelis akimtemea mate, akamshusha tena baharini.

Kamba aliyomfunga kiunoni ilitulia, kisha ikavutwa kwa nguvu: nipandishe!

Je, ni woga, au hewa imekatika? Shati lilikuwa linapepea pale lilipofungwa mpirani, kwa upepo au kwa hewa inayovuja.

Kaka akaizungusha kamba kiganjani mpaka vidole vikawa vyeupe, asiivute.